Damu ya Baba Mdogo

Pale hospitalini walimwita Konokono, na wala halikuwa tusi. Jina alipewa na mtaalamu wa maabara, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja, siku alipomwona anavuka uani na ndoo ya kudekia iliyojaa hadi ukingoni bila kumwaga hata tone.

"Mtoto wewe," alimwambia, "ungekuwa na gamba mgongoni ningekufuga."

Haukupita muda akamtoa kwenye ufagio, akampa koti jeupe lililomzidi mabega, na kazi ya kubeba damu.

Sasa usidhani kubeba damu ni kubeba tu. Damu nyingine zote za hospitali ile zilibebwa na watu wenye haraka zao. Zilitiwa kwenye kisanduku cha barafu, zikapandishwa ngazi mbili mbili, vichupa vikigongana kama meno ya mtu mwenye homa. Damu ya chumba cha moyo haikutaka mambo hayo. Yenyewe ilitaka mtu mmoja na kichupa kimoja, kisimame wima kiganjani, kikae na joto la mwili, kisitikiswe, kisilazwe, na barafu kisiione hata kwa mbali. Njia yake ilikuwa kushuka ngazi, kuvuka uani, kupita nyuma ya jiko la wagonjwa na kupanda mwinuko hadi maabara. Konokono aliipita njia hiyo kama mtu aliyebeba mtoto aliyepata usingizi sasa hivi.

Shule yake iliishia ya msingi, lakini mtaalamu hakumficha kitu. Alikuwa mtu wa kupenda kueleza, na mke wake nyumbani alishachoka kumsikiliza.

"Ndani ya damu kuna chembe ndogo ndogo," alimwambia, "zinaitwa chembe sahani. Ukijikata, hizo ndizo zinazokimbilia pale na kushikana mikono mpaka damu ikome. Kazi nzuri. Lakini zikishikana pasipo na kidonda, zinaziba mshipa, na mwenyewe anakwenda na maji."

"Sasa nani anazituliza?"

"Mshipa wenyewe. Mshipa mzima unatoa hewa fulani, naitriki oksaidi. Ni kama mama anayepita chumbani kwa watoto, anasema, haya, tulieni. Zikisikia, zinatulia. Ila mtu ambaye moyo wake umeshindwa kazi miaka na miaka, chembe zake hazisikii tena. Hewa ile unazitilia, unazitilia nyingine, nazo hata habari hazina. Zinashikana tu."

"Zimekuwa viziwi?"

"Zimekuwa kaidi. Kiziwi ana udhuru."

Na kuhusu kubeba alimwambia hivi: ukizitikisa, chembe zile hudhani kumetokea ajali, zinaanza kushikana. Ukizitia baridi ndiyo kabisa, zinabadilika umbo, na hakuna wa kuzirudisha. "Hapo mimi sitajua kama ni ukaidi wa mgonjwa au ujinga wa mbebaji."

Kulikuwa na utafiti. Daktari wa moyo alikuwa anajaribu dawa mpya ya kuzifundisha chembe zile kusikia. Mgonjwa alitolewa damu ya kwanza, hapo hapo akawekewa kidonge chini ya ulimi, kisha baadaye akatolewa damu ya pili, ili mtaalamu azilinganishe. Wote waliolinganishwa waliendelea kupewa dawa ile na kuangaliwa na daktari mwenyewe. Damu ya kwanza ikiharibika, basi. Huwezi kuchukua nyingine, maana dawa imeshaingia mwilini, na damu ya kabla ya dawa haipo tena duniani. Mgonjwa wa namna hiyo alitolewa kwenye utafiti, akarudi kwenye foleni ya wengine, kwa vidonge vya siku zote.

Kazi ikaenda hivyo, mpaka asubuhi moja Konokono akiwa amepiga magoti anafuta maji yaliyomwagika kwenye korido ya chumba cha moyo, akasikia mtu anapumua nyuma yake.

Hakugeuka. Aliganda na kitambaa mkononi. Pumzi ile aliijua. Kwanza "haa" ndefu, kisha mbili fupi kama mtu anayepuliza uji, kisha kimya kidogo, kisha "haa" tena. Ilikuwa pumzi ya mama yake. Lakini mama yake alikuwa kaburini miaka mingi. Mtu mwingine aliyewahi kupumua hivyo mbele yake alikuwa mmoja tu, na yeye alikuwa anaigiza.

Akageuka. Kwenye kiti cha magurudumu alikaa Baba Mdogo, mdogo wake baba yake, amevimba miguu hadi viatu vimeachwa wazi bila kamba, shingo ina mshipa uliosimama kama kamba ya kuanikia nguo. Nyuma ya kiti alisimama mkewe, Mama Mdogo, ameshika themosi.

"Binti," akasema Baba Mdogo, akitabasamu kwa shida, "tupishe tupite. Gari hili... haa... halina breki."

Konokono akasogea. Barakoa ilikuwa usoni, na alipoachana nao alikuwa kitoto cha kufikia kiuno. Hawakumtambua.

Ni vizuri mtu ajue huyu Baba Mdogo alikuwa nani. Baba yake Konokono alipofariki, yeye ndiye aliyebaki kuwa msemaji wa nyumba. Nyumba ya familia ilikuwa juu ya ngazi za mawe, na bomba la maji lilikuwa chini, na mjane wa ndugu yake ndiye aliyepangiwa kuteka. Mama yule alianza kupanda na kusimama, mkono ukutani. Baadaye miguu ikavimba hadi ndara zikamkata nyama. Baadaye akawa hawezi kulala chali. Alilala amekaa, ameegemea mto mgongoni, kama abiria.

"Shemeji," alimwambia kila siku, "nakosa pumzi. Nipelekeni hospitali."

"Pumzi ya kulalamika mbona unayo?"

Angeishia hapo, pengine mtu angesema ni ukali wa kawaida tu. Lakini Baba Mdogo alikuwa na kipaji cha kuigiza. Jamaa wakikusanyika, wakishiba, wangemwambia, hebu tufanyie shemeji yako. Naye angeinuka, angeweka mkono mmoja kifuani na mwingine ukutani, angelegeza mdomo: "Haa... ha-ha... shemeji... haa... nakufa mie." Watu walivunjika mbavu. Mama Mdogo alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Na mwenye pumzi zake alikuwa pale pale mlangoni, ameshika sinia, anangoja wamalize ili apite.

Alifia kwenye zile ngazi. Baba Mdogo aliwatangazia watu kwamba ameteleza. Mpaka anafukiwa, neno lilikuwa hilo hilo, ameteleza. Mtoto akachukuliwa na mama yake mkubwa, dada wa marehemu, na tangu siku hiyo watu wale wawili hakuwaona tena, isipokuwa kichwani.

Na sasa walikuwa korido moja.

Wiki zilizofuata Konokono aliangalia. Kuangalia alikuwa anakuweza kuliko kitu kingine chochote. Alimwona Baba Mdogo akija kupimwa hiki na kile kabla ya kuingizwa kwenye utafiti. Alimwona anavyopendwa. Manesi walimwita Mzee Vituko, walimgombania. Hata akiwa hana pumzi alikuwa na maneno. "Nesi, hiyo sindano ni yangu au ya ng'ombe?" "Daktari, nimekatazwa maji, nimekatazwa chumvi, naomba basi na mke nikatazwe." Mama Mdogo alimpiga kibao cha mapenzi begani, akafungua themosi, akamtolea kipande cha barafu anyonye, kwa kuwa maji alipimiwa na kiu ilimtesa. Themosi ile haikumtoka mkononi.

Yeye Konokono alimtania kwa ajili ya mwendo. "Binti, damu yangu ukiibeba wewe... haa... itafika imeota mvi."

"Itafika salama, mzee," alijibu.

Lakini rohoni alikuwa ameshakata shauri. Haikuhitaji nguvu. Haikuhitaji sumu wala kisu. Ilihitaji kushuka ngazi, kusimama pale pasipo na mtu nyuma ya jiko, na kukitikisa kichupa kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi. Baba Mdogo angetolewa kwenye utafiti bila kujua kwa nini, angerudi foleni, angepanda ngazi zake na pumzi zake. Kila alipolifikiria jambo hilo alisikia utamu mdomoni, na hakuuonea haya. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilimkera kama jiwe ndani ya kiatu: hatajua kwa nini. Atadhani ni bahati mbaya. Atasema ameteleza.

Siku ya damu ikafika. Baba Mdogo alilazwa kitandani apumzike kwanza, kama utaratibu ulivyotaka, Mama Mdogo ameketi pembeni na themosi yake. Nesi akatafuta mshipa bila kumfunga mpira kwa nguvu, damu ya mwanzo akaimwaga, iliyofuata akaiacha iingie kichupani taratibu yenyewe. Konokono alisimama kando, viganja vimeshapashwa moto kwa kusuguliwa.

"Wewe nesi huwajui wagonjwa wa uongo," Baba Mdogo alikuwa anasema. Kuumwa hakujamfunga mdomo. "Mimi nilikuwa na shemeji yangu... Mungu amrehemu... yule alikuwa bingwa. Ukimtuma maji tu..." Akaweka mkono wa pili kifuani, akalegeza mdomo. "Haa... ha-ha... shemeji... haa..."

Nesi akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana mzee alikuwa hawezi kukoma. Maigizo yalikuwa yamemponyoka yakawa pumzi yake mwenyewe, na macho yakamtoka pima.

"Tulia, mzee, tulia," nesi akamwambia, akamwekea kidonge chini ya ulimi. "Usiongee tena. Konokono, chukua."

Konokono akapokea kichupa kwa mkono wa kulia. Kilikuwa na joto, kizito kuliko kinavyoonekana. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukipanga. Kwa mkono wa kushoto akashusha barakoa hadi kidevuni, akasimama mbele ya kitanda, akampa mzee nafasi ya kutazama.

"Shikamoo, Baba Mdogo," akasema.

Akageuka akatoka.

Hakufika hata mwanzo wa ngazi. Nyuma yake aliisikia sauti ya kandambili zinazokimbia, na Mama Mdogo akamshika bega.

"Simama hapo! Geuka nikuone!" Akamwangalia macho, akamwangalia pua, akamwangalia mdomo. "Ee Mola wangu. Ni wewe. Uso ule ule wa mama yako."

"Ni mimi, Mama Mdogo. Shikamoo."

"Usinishikamoo! Hiyo damu ya mume wangu inafanya nini mikononi mwako?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako! Toka lini? Umetufuata! Umekuja kutumaliza!" Akaipakata themosi kifuani, barafu ikigonga ndani. "Nipe. Nipe hapa! Nitaipeleka mwenyewe."

Hapo ndipo mambo yalipopinduka, na sitaki mtu afikiri Konokono aliyapanga. Amri ya mtaalamu aliijua: kichupa hakitoki mkononi mwa mbebaji hata aje nani. Angeweza kuita nesi. Angeweza kusema hapana, na Mama Mdogo asingethubutu kumnyang'anya kwa nguvu. Lakini alimtazama yule mama, akaona hofu yake jinsi ilivyo kubwa, akajisemea: kama wanaitaka, ni yao.

Akampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Mama Mdogo akakishika kichupa kama aliyenyakua mtoto kwenye moto. Akakifuta kwa kanga. Akakitazama, akaona ni cha moto, akashtuka. "Na mbona kimepata joto hivi? Mmekiacha kiharibike!" Basi akafanya alichofanya maisha yake yote kwa kila kitu kinachooza. Akafungua themosi, akakitumbukiza ndani ya barafu, akafunga kifuniko kwa nguvu. Akapumua. "Haya. Sasa kimepona."

Konokono alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

"Tangulia," Mama Mdogo akaamuru. "Nionyeshe njia. Na usinisogelee."

Wakashuka ngazi, mmoja mbele, mmoja nyuma. Konokono hakuongeza mwendo wala hakuupunguza. Uani kulikuwa na shuka za wagonjwa zimeanikwa, wakapita katikati yake, na Mama Mdogo aliongea njia nzima.

"Tulikulisha wewe. Umesahau? Mama yako hana mbele wala nyuma, nani aliyemweka? Sisi. Na shukrani yake ilikuwa kununa. Leo unakuja na koti jeupe. Nani kakupa koti? Watajua wewe ni nani, nakwambia. Nitakusema kwa daktari mkubwa."

"Sawa, Mama Mdogo."

"Sawa nini! Una jeuri ile ile. Ya kimya."

Kichupa kilikuwa kinagonga ukuta wa themosi. Kokoto, kokoto. Kila mlio Konokono aliusikia mgongoni. Aliwaza chembe zile mle ndani, namna zinavyoshtuka kwa baridi na kuanza kushikana mikono bila kidonda chochote. Pengine zilikuwa bado. Pengine akisema sasa hivi, kabla hawajafika jikoni, kitu kingeokolewa. Neno lilikuwa moja tu: toa. Lilikuja mpaka ncha ya ulimi, likakaa hapo. Akawaza sinia. Akawaza mwanamke aliyesimama mlangoni na sinia, akingoja watu wamalize kucheka ili apite. Akalimeza neno lake, nalo likashuka bila shida.

Nyuma ya jiko Mama Mdogo akachoka. Alikuwa mnene, na jua lilikuwa kali. Akaegemea ukuta, akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu tu.

"Halali, unajua. Tangu mwezi uliopita. Anakaa kitandani ananitazama. Mimi nikisinzia ananiamsha, ananiambia usilale, nitaondoka peke yangu." Akajifuta jasho. "Hii dawa ndiyo tegemeo letu. Daktari kasema ndiyo nafasi yake." Akaitazama themosi, akamtazama Konokono, akauliza kwa unyonge uliomgharimu: "Eti, humu ndani iko salama? Si ndiyo inavyowekwa?"

Konokono akamtazama. Upepo ulileta harufu ya sabuni kutoka kwenye shuka. Hakuna aliyekuwa karibu.

"Wewe ndiye uliyeibeba, Mama Mdogo," akasema. "Mimi nimenyang'anywa."

"Nakuuliza lakini."

"Mwinuko ni huu hapa. Twende, watatungoja."

Wakapanda.

Mtaalamu alikuwa ameshawasha mashine yake, ile ya kupitisha mwanga ndani ya damu ili kuona kama chembe zimeshikana au zimetulia. Alikuwa ametenga kando tone la dawa inayotoa hewa ile, na kando tone la kuzichokoza chembe zishikane. Alipomwona Konokono anaingia mikono mitupu, uso ulimbadilika.

"Kiko wapi?"

Mama Mdogo akafungua themosi kwa majivuno, akachovya vidole kwenye barafu, akakitoa kichupa kinachotiririka maji. "Hiki hapa, baba. Nimekitunza mwenyewe. Cha baridi kabisa."

Mzee yule hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikipokea, akakishika mpaka kidole kikamuuma baridi, akakisogeza dirishani, akakirudisha mezani. Hata hivyo alifanya kazi yake. Aliitayarisha damu, akaiweka kwenye mashine. Hakuhitaji hata kutia lile tone la kuchokoza. Chembe zilikuwa zimeshashikana zamani, na hewa ile alipoitia ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Mama," akasema, "damu hii haiwekwi barafuni."

"Si damu? Si kitu cha kuoza?"

"Hii haiwekwi. Imeharibika."

"Basi mtoeni nyingine! Damu anayo, bado ana damu!"

"Ameshapewa dawa. Damu ya kabla ya dawa ilikuwa hii tu." Akavua miwani, uzi ukabaki unaning'inia sikioni. "Sitaweza kumlinganisha. Inabidi nimwambie daktari amtoe."

Mama Mdogo alimwangalia mzee, akaiangalia themosi aliyoishika, kisha akamgeukia Konokono. Halafu akatoka mbio kwenda kumtafuta daktari, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Mashine ilikuwa inanguruma kidogo.

"Ulimwona akikitia barafuni?" mtaalamu akauliza.

"Nilimwona."

"Ukanyamaza. Njia nzima."

"Nikanyamaza. Aliniuliza pia, nikamzungusha."

Alikuwa anajua kudanganya, na angeweza. Lakini jambo lile lilikuwa lake, hakutaka kulikana.

"Kwa nini?"

"Nina sababu, mzee wangu. Ungeijua..."

"Usiniambie." Akainua mkono. "Nitaielewa, na nikiielewa nitakuonea huruma, na kesho nitakupa damu ya mtu mwingine. Kila mtu ana sababu. Mimi nilikuchagua kwa mikono yako, nikafikiri ndiyo wewe mzima." Akakichukua kichupa mezani. "Vua koti."

Akavua. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Mzee alikuwa ameshampa kisogo, anaosha kichupa ambacho hakikuhitaji kuoshwa, kingetupwa tu.

Konokono akarudi njia ile ile, bila kitu mkononi. Aliingoja huzuni ije, maana kazi ile aliipenda. Ilikuja, ya kazi. Ya Baba Mdogo haikuja.

Alimkuta koridoni, kwenye kiti cha magurudumu, peke yake. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Upande wa pili wa mlango Mama Mdogo alisikika akimlilia daktari, na sauti ya daktari ikirudia kwa upole neno lile lile, haiwezekani, mama, haiwezekani. Baba Mdogo alikuwa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu. Alipomwona, hakufanya kichekesho.

"Mwehu yule... haa... ameniua," akasema. "Mke wangu. Ameniua na barafu lake."

Konokono akavuta kibao cha wageni, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Sasa barakoa haikuwepo, wala koti. Alikuwa amevaa gauni la kawaida tu.

"Mama Mdogo hakujua," akasema. "Usimwonee."

"Wewe..." Akavuta pumzi. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulikuwa naye. Njia nzima."

"Njia nzima."

Mzee akamkodolea macho. Hasira ilimpanda usoni, ikatafuta pumzi ya kutokea, ikakosa. Mkono ukaenda kifuani wenyewe. Mwingine ukapapasa ukuta. Akawa amekaa vile vile alivyokuwa akisimama zamani mbele ya jamaa zake, ila safari hii hapakuwa na wa kucheka, na yeye mwenyewe akajiona. Konokono alimwona akijiona.

"Neno moja," Baba Mdogo akasema hatimaye. "Lilikuwa... haa... neno moja tu. Mbona hukusema?"

"Mama alisema," Konokono akajibu. "Alisema kila siku. Tena kwa adabu, akikuita shemeji. Sasa mimi nina swali, na nataka unijibu wewe, siyo Mama Mdogo, siyo mtu mwingine. Pale ngazini. Aliteleza?"

Baba Mdogo akafungua mdomo. Ikatoka ile ndefu, kisha mbili fupi, kisha kimya. Akatazama mlango, kama mkewe angetokea amjibie. Mlango haukufunguka. Akajaribu tena.

Konokono hakumhimiza. Aliweka mikono mapajani, akamngoja apate pumzi. Kazi hakuwa nayo tena, na siku ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.